Dari Linadondosha Maji na Mvua Hakuna

Mpendwa mshauri, naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana hapa nilipo moyo unaruka kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja. Tumehamia nyumba yetu, yetu wenyewe! na sebule haina lile dari la kulala bapa, dari limepanda na paa mpaka kileleni, ukiingia unainua shingo bila kutaka, watoto wakiita "Mama!" sauti inarudi kana kwamba wako wawili wawili. Paa kalijenga shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Injinia, ndiyo kazi yake ya kwanza bila msimamizi, na kwa mapenzi yake akashindilia sufi ya kuzuia joto mpaka ikabanana na mabati, "Shemeji," akaniambia, "humu joto hata likija na barua ya utambulisho haliingii," tukacheka, tukampigia makofi. Sasa kila asubuhi maji yanadondoka kwenye makochi, na mvua hatujaiona tangu tuhamie! Injinia anapanda juu na silikoni yake, akiona uwazi chini ya ukingo wa paa anaziba, akiona mwingine chini ya kofia ya paa kule kileleni anaziba, na kila akiziba maji yanazidi. Jumamosi anafunga dari la chumba cha mama mkwe kwa mtindo uleule, na mama ameshanunua mapazia, kila jioni anakuja kuyapima, na fundi mwingine hataki hata kumsikia. Nikifungua mdomo mume wangu anasema, "Utamvunja moyo mdogo wangu, halafu mama atasema hutaki ahamie hapa." Nifanyeje, na hili dari nalipenda jamani, nalipenda hata likinilowesha?

Mwenye Shingo Juu

Hongera, Mwenye Shingo Juu! Wivu umenishika, sitaficha. Sasa tafuta kochi kavu ukae unisikilize. Maji hayo yanatoka kwenye birika lako, kwenye pumzi zenu, na kwenye nguo mbichi unazoanika ndani, usibishe. Mvuke unapanda, unapenya pembeni mwa taa za darini, unakutana na bati lililopoa usiku, unageuka maji. Palikuwa na njia ya kutokea, Injinia kaiziba. Kaiziba nyumba pua, anashangaa inatoa jasho!

Nawe ulipiga makofi. Mbao zioze juu ya kichwa cha mkweo kwa sababu unaogopa kununiwa? Anune, lakini anune akiwa mkavu.

Chumba cha mama: kati ya sufi na bati ibaki nafasi ya vidole vinne, kutoka ukingoni mpaka kileleni bila kukatika. Ukingoni aache uwazi na aufunike kwa wavu, popo wasihamie. Kileleni nako hewa itoke. Silikoni asiitupe, aizungushe kwenye taa, huko ndiko kunakotaka kuzibwa. Sebuleni azibue alichoziba, ashushe dari kipande kwa kipande apunguze sufi. Nguo anika nje!

Moyo wa shemeji usiujadili mbele ya kaka yake wala mama. Kesho asubuhi mapema mshikie ngazi, afungue ubao mmoja wa dari la sebuleni, aisogeze sufi, aingize mkono apapase tumbo la bati. Mkono utatoka umelowa. Akishuka, usicheke na usihutubie. Mpe nyundo, umwambie, "Shemeji, mama kasema chumba chake hakigusi fundi mwingine."