Kinanda Kilichofungiwa Chini

Jumanne, 6 Februari
Arvid amekifumua kinanda. Mume wangu huyo, tangu astaafu ufundi wa umeme, hajui kukaa bure. Kinanda cha zamani cha kanisa ninalopigia kila Jumapili, nusu ya sauti zake zimekufa, sasa kiko chumba chetu cha chini, matumbo nje, nyaya za kila rangi; ibadani napiga cha kuazima. Anataka kiendeshwe na kompyuta. Vizuri. Lakini kwa nini anafunga mlango? Miaka thelathini na minane ya ndoa, mlango ule haujawahi kufungwa!

Ijumaa, 9 Februari
Kaniita nijaribu vitufe. Nikadhani ni dakika mbili. La — nyimbo nzima, beti zote! Za Krismasi, za Pasaka, za ubatizo. Nikamwambia kitufe kibovu hujulikana kwa kubonyezwa mara moja. Eti kompyuta inahitaji kuzoea. Kuzoea nini? Wimbo wa nne mikono ikaanza kutetemeka, tukaacha. Taa nyekundu kwenye skrini ilikuwa inawaka muda wote. Niliiona.

Jumapili, 11 Februari
Nimekosea ubeti wa tatu. Tena. Kwenye kahawa baada ya ibada, Marlys wa baraza la wazee akanishika bega: leo nimecheza "tofauti". Tofauti! Mtu wa hapa Minnesota akikwambia hivyo, amekutukana kwa adabu zake zote. Arvid alikuwa kando, anakoroga kahawa isiyo na sukari.

Jumatatu, 12 Februari
Marlys kaleta chakula cha kuokwa. Nyama, viazi, uyoga wa kopo, jina lake limebandikwa chini ya bakuli. Chakula hicho hupelekwa nyumba yenye msiba. Nikamuuliza mlangoni, kafa nani? Akacheka, akaangalia theluji, akasema tule kingali moto. Sikukigusa. Arvid kala sahani mbili bila kuniangalia.

Jumanne, 13 Februari
Nimerudi mapema kutoka kwa daktari wa mikono. Kinanda kinalia chini! Arvid hajui kucheza hata noti moja. Nikashuka nikijua kamleta mpiga kinanda mwingine — wivu ulinipanda, nakiri. Benchi tupu. Vitufe vimetulia. Anayecheza ni mimi, nilivyorekodiwa Ijumaa ile taa nyekundu ikiwaka! Hata kile kituo changu kifupi kabla ya Amina. Ila hakuna kosa hata moja. Makosa yangu kayafuta yote.

Arvid, kando ya kompyuta, hakukana. Baraza lilimwomba tangu Krismasi: mikono ikinishinda, kinanda kitacheza chenyewe, nami nikae na waumini.

"Ni wewe bado, Solveig. Hawatamsikia mtu mwingine."

"Mbona mlipanga bila mimi?"

Akaokota koleo, akaliweka tena. "Ungekataa kucheza."

Kweli. Ningekataa. Nina hasira, na sauti ile ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Niko jikoni. Ananiita kutoka chini, kwa upole ambao siuamini. Zimebaki nyimbo za mazishi tu za kurekodi, anasema, nivae viatu vya kuchezea nishuke kabla mikono haijachoka. Nimevaa kimoja —