Nusu ya Lodwar, Nusu ya Kakuma

Apa,

Tangu tukuzike situlii. Nakaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, akili haipo, na nikija kushtuka nimeshona mfuko wa suruali nikaufunga juu. Juzi mwalimu mmoja alinirudishia kaptura ya mtoto wake, mguu mmoja mrefu mwingine mfupi. Nikamwambia labda mtoto ndiye mwenye kasoro. Akaondoka amenuna, kaptura akaniachia. Nainuka, naenda mpaka mlango wa hoteli, natazama ile kona yako, narudi, nakaa, nainuka tena. Watu wanasema ni huzuni. Huzuni ipo, sikatai. Lakini kuna na hasira, na hiyo nataka uisikie kwanza kabla sijakuaga.

Ulituachia wimbo katikati, Apa. Mtu mzima na mvi zako.

Wacha nikukumbushe, maana ulikuwa hodari wa kusahau linapokuja jambo la lawama. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, jua likiwa limefukuza hata mbuzi barabarani, ulikuja Lodwar mjini na gitaa lako limeviringishwa kwenye blanketi. Ulikaa kwenye kona ya hoteli, ubavuni mwa kibaraza changu, ukaagiza chai yenye sukari ya watu wawili. Hukuwa na haraka. Ulitia kidole kwenye ile shingo ya chupa uliyoilainisha kwa mawe, ukaiburuza juu ya nyuzi, na gitaa likaanza kulia. Mmoja wa nyuzi zile ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, na huo ndio uliokuwa unanimaliza mimi.

Hapo tulijua dume anakuja. Dume wako wa ng'ombe mwenye madoa, yule uliyepewa ujanani, aliyekupa hata jina: Apalomeri, baba wa mwenye madoa, nasi tukakuita Apa tu. Uliimba alivyozaliwa wakati wa mvua, ulivyomkunja pembe moja ielekee mbele na nyingine nyuma, alivyokuwa akija ukimwita hata kama umesimama ng'ambo ya mto. Na wanaume wote mle ndani wakainua mikono juu, kila mmoja akiikunja kama pembe za dume wake. Makarani wenye tai. Polisi. Wauza samaki wa kutoka ziwani. Wengine hawajawahi kumiliki hata mbuzi, lakini mikono juu, macho yamefungwa! Mimi nilibaki na mkasi wangu mkononi, maana mambo ya dume ni ya wanaume, ila nguo ya mteja ilikuwa imeshalowa machozi.

Halafu ndio mchezo wako. Ulipofika pale dume anapovishwa kengele na kutoka zizini asubuhi, ulilaza kiganja juu ya nyuzi. Kimya. Unatabasamu.

"Zilizobaki ziko Kakuma."

Kelele! "Mzee, malizia bwana!" "Apa, usitufanyie hivyo!" Wewe unapuliza chai yako tu. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo, na kila Jumamosi tulirudi. Mtu akileta redio ya kaseti ulifunika gitaa kwa blanketi, ukasema wimbo ukiingizwa humo utakauka. Madereva wa malori walijidai wamesikia nusu zote mbili, lakini ukiwabana unakuta wanajua kiitikio peke yake. Na wewe, tangu kambi ya wakimbizi ifunguliwe kule na wageni kutoka Sudan wajae, ulikuwa ukidandia lori la chakula cha msaada, unapotea, kisha unarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikikuuliza Kakuma wanasikia nini, unasema, "Fundi, njoo usikie." Barabara yenyewe ina majambazi, mimi nina watoto na cherehani. Nikasema nitakuja siku moja.

Unaikumbuka blauzi? Mimi nikiikumbuka bado nacheka peke yangu, na watu wanazidi kuniona sina akili. Yule mzungu wa misaada alikaa hotelini akakusikiliza mpaka soda yake ikachemka kwa jua. Ulipomaliza akajifuta macho, akasema hii ni bluzi, ule muziki wa huzuni wa Marekani, bluzi kabisa. Ukamjibu kwa adabu: "Hapana. Hii si bluzi. Hii ni ng'ombe." Lakini mimi nikiwa huku kibarazani, cherehani inanguruma, nilisikia blauzi. Nikajiuliza, huyu mzee na blauzi wapi na wapi? Kisha nikafikiri, labda ndivyo wanamuziki wakubwa wanavyovaa huko kwao. Nikakata kitambaa cha buluu, nikakushonea: mikono imevimba begani, kola ya marinda. Nikakuletea Jumamosi iliyofuata, mbele ya watu.

Ungeweza kuniaibisha. Ukaitazama, ukanitazama, ukaivaa juu ya shuka yako, ukakaa ukapiga gitaa. Walicheka mpaka waya wa breki ulipolia, wakanyamaza. Tangu siku hiyo hukupanda lori wala kukaa kwenye ile kona bila hiyo nguo, na watu wa Lodwar wakawa wanaulizana, "Leo kuna blauzi?" Hakuna mtu aliyewahi kunisitiri hivyo, Apa. Sikukwambia ukiwa hai, kwa hiyo nakwambia sasa.

Kifua kilipokubana, dada yako alikulaza kwake Kanamkemer. Nilikuja na uji, ukanywa kijiko kimoja kwa heshima yangu. Nilikuwa nimejiandaa kukuomba zile zilizobaki. Nilikuona ulivyokonda, nikaona haya. Kabla hawajakuvisha blauzi ile kwa mara ya mwisho nilishona kifungo kilichokuwa kimelegea, na mikono hii ikatetemeka, na haijaacha.

Mazishini tukaimba. Tukafika kwenye kengele, tukanyamaza wote, mazoea tu. Tukasubiri sauti yako itwambie ziko Kakuma. Upepo ukapita na mchanga wake. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Malizia, mzee," na hapo tukavunjika.

Kwa hiyo usishangae kwamba nilikwenda. Dada yako alinipa gitaa, akasema yeye hana kidole cha hicho kitu, nikipeleke kwa watu wanaokijua. Nilifunga kibaraza, nikawaacha watoto kwake, nikapanda lori juu ya magunia ya mahindi, askari wa kutulinda akisinzia na bunduki yake. Niliogopa njia nzima. Kila kichaka kilikuwa jambazi. Nilikutukana kidogo, samahani.

Kakuma niliulizia tu mzee wa gitaa. Nikapelekwa kwa Deng, Msudani mrefu anayetengeneza redio kambini, mwenye mistari ya chale kwenye paji la uso. Habari ya kifo chako ilikuwa imemfikia kwa madereva. Alipoona blanketi akalijua kabla sijalifungua. Hakulia. Alilishika gitaa tumboni akasimama nalo tu, watu wakaanza kuja, Wasudani, Waturkana wa Kakuma mjini, mama mmoja Mhabeshi na chungu chake cha kahawa. Nao wakaniuliza kitu nilichotaka kuwauliza mimi.

"Mama, wewe iko ya Lodwar? Tuambie mwanzo!"

Kumbe huku ulikuwa unaanzia katikati! Unalaza kiganja juu ya nyuzi kabla hujaanza, unawaambia, "Mwanzo uko Lodwar." Miaka yote hiyo sisi tunawaonea wivu, wao wanatuonea wivu sisi. Na jambo lingine: walidhani wazee wote wa Lodwar huvaa nguo ya buluu yenye mikono ya kuvimba. Deng aliniuliza kwa heshima kabisa kama ni alama ya ukoo.

Basi nikaimba mimi, na sauti yangu unaijua, nikawapa mvua, pembe, mto, mpaka kengele. Wakainua mikono. Hata wao, Apa! Deng akaniambia kwao pia kila mwanamume ana dume wa kumwimbia, na wengi wao madume hao walibaki nyuma kwenye vita. Hukuniambia hayo. Kisha akachukua gitaa, akaingia kwenye nusu yao, na nusu yao inaanza na nyayo. Nyayo kwenye mchanga, wewe unazifuata, unamwita mwenye madoa, haji. Unarudi zizini peke yako, unainua mikono, unasema sasa pembe ni mimi.

Tukatazamana. Kutoka kwenye kengele mpaka kwenye nyayo hapana kitu. Dume ametoka asubuhi na kengele yake, halafu hayupo. Mimi nilidhani kipande hicho wanacho wao. Wao walidhani ninacho mimi.

Hapo ndipo tungeharibu kila kitu. Mturkana mmoja akasema ni wezi wa mifugo, jambo linajulikana, na akasema pia ni wezi wa upande gani. Mzee wa Kisudani akasema hapana, ni kiangazi. Sauti zikapanda. Mara nasikia ugomvi wa siku zote wa wenyeji na wakimbizi, habari za kuni, habari za maji, nani alimkuta nani hapa, yote yanaingia kwenye wimbo wako. Mimi, unanijua, siwezi kuona kitu kimetatuka nikakiacha. Nikapiga kelele kuliko wote: tutunge wenyewe, kila upande utoe mstari, tuunganishe, yaishe. Nikaanza hata kuimba kijistari changu. Nilikuwa nataka sana kutulia, Apa. Nilidhani kikizibwa nitalala.

Deng akalaza kiganja juu ya nyuzi. Vilevile kama wewe, kiganja chote.

"Mama, hiyo wacha. Mimi pia iko na mahali siimbi."

Yule Mturkana aliyekuwa akipayuka alimtazama, kisha akatazama chini. Na mimi nikaelewa, nikaona aibu na nikakuonea huruma pamoja. Ulikuwa hututanii. Uligawa wimbo mara mbili, ukaweka barabara nzima katikati, ili usipite pale. Na sisi kila Jumamosi tunakupigia kelele umalizie.

Tukaimba upya, mzima. Nusu ya Lodwar mimi, Deng akinifuata kwa gitaa. Tukafika kwenye kengele, akalaza kiganja. Wanaume wakainua mikono, Waturkana na Wasudani, huyu pembe zake zimepanda wima, yule zimekunjwa, na mama wa kahawa naye akainua. Mimi nilikuwa sina mkasi. Nikainua yangu, moja mbele, nyingine nyuma, kama pembe za dume wako. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka mabega yakauma. Nikaitazama mikono yangu huko juu. Ilikuwa imetulia. Kisha Deng akaingia kwenye nyayo.

Nimerudi nyumbani. Sikudanganyi, bado nainuka nainuka, bado kona yako naitazama, na kaptura ya yule mtoto bado sijairekebisha. Gitaa nimeliacha kwa Deng. Kiangazi kijacho anakuja nalo Lodwar, tuimbe hapa hotelini, na nimeshaanza kumkatia blauzi yake, kitambaa kilekile. Mikono yake ni mirefu balaa.

Haya, Apa. Ejok, salama. Lala na dume wako, natumaini huko anakuja ukimwita. Najua Deng akifika, na kiganja kikilala juu ya nyuzi, kuna mtu atapayuka, "Malizia, bwana!" Nitasimama nimjibu mimi. Kazi yangu ni kuziba matundu, nimeziba ya mji mzima huu. Lako sitaliziba, wala sitakubali mtu aliguse.

Ni mimi,
Fundi wako, Akiru