Nilimdanganya Pacha wa Mashine, Nanyama Akafutwa Kazi

Mpendwa Dada Hannah, naomba unisaidie, maana hili jambo limenikaa kooni tangu Machi na hata kanisani siimbi tena, mimi ni mpimaji katika kiwanda cha sufuria za presha huku Dagoretti, kila saa natakiwa nichukue vifuniko kumi nipime ukingo wake kwa maikromita, kile kifaa cha kupima unene mdogo sana, kisha niingize vipimo kwenye kompyuta yenye nakala kamili ya mashine yetu, sisi tunaiita Pacha, na Pacha akipata vipimo hivyo anaonyesha mashine halisi imechakaa wapi kabla haijaharibu kazi. Dada, miezi miwili ya kwanza nilipima kwa bidii, baadaye nikachoka, nikawa naandika tu kutoka kichwani, nabadilisha tarakimu za mwisho zisifanane. Kumbe chuma kinachokata ukingo kilikuwa kinalika taratibu, na kwa uongo wangu Pacha akaendelea kukionyesha kama kipya.

Ndipo mwezi huo wa Machi kifuniko kikaruka jikoni mtaani Satellite, mvuke ukamchoma mpishi mmoja, Veronicah, uso na mkono. Meneja wetu Maina akafungua kompyuta, akasema, "Pacha anaonyesha mashine iko sawa. Basi shida ni mkono wa mtu." Mkono huo ni wa Nanyama, mama aliyeendesha mashine hiyo miaka kumi na moja. Akalia, "Hii mashine inatetemeka, nimesema mara ngapi?" Mimi nimesimama pale pale. Alifutwa kazi mbele yetu sote, na mimi wiki hiyo nikapewa cheti cha mfanyakazi makini.

Sasa anauza mboga soko la Kangemi. Juzi nilimwendea, nikamwambia, "Mama, kuna kitu nataka kukuambia." Hakuacha kukata majani ya sukuma wiki. "Hiyo kitu naijua. Nilikuwa nakuona ukiandika bila kupima. Nilingoja useme mwenyewe." Kisha akaniuliza, "Na hizo vifuniko bado mnauza?" Nikanunua sukuma, nikaondoka. Mke wangu Peres anasema ninyamaze, nimtafutie Nanyama kazi kwingine kimya kimya. Je, hiyo haitoshi?

Okinyi, Kangemi

Dada Hannah anajibu: Okinyi, majina yote nimeyabadilisha, hata lako, ingawa hukustahili.

Haitoshi. Nakuonea huruma kidogo, kwa sababu ulipoanza uvivu wako hukujua ungemchoma mtu. Lakini Machi ulijua. Ulikuwa na mdomo, ukanyamaza, ukapokea cheti. Na sasa hivi, unaposoma haya, kuna mtu anafunga kifuniko chenu jikoni kwake.

Kesho asubuhi, kabla mashine haijawashwa, pima vifuniko kumi mbele ya Maina, umwonyeshe tofauti na ulichokuwa ukiandika. Mpe barua inayosema ulitunga vipimo tangu siku gani, na udai vifuniko vilivyoko madukani virudishwe. Akikataa, siku hiyo hiyo ipeleke kwa wakaguzi wa ubora wa bidhaa. Peres usimwombe ruhusa. Na hiyo habari ya kimya kimya iache kabisa: Nanyama alifukuzwa mbele ya watu, asafishwe jina mbele ya watu hao hao.

Utafutwa kazi, pengine utashtakiwa. Ndiyo, na iwe hivyo. Halafu nenda Satellite, umwambie Veronicah kwamba ni wewe. Usiende kuomba msamaha ili ulale vizuri. Akikufukuza, ondoka. Nanyama naye akikugeuzia mgongo, usiniandikie tena kulalamika.