Udongo Aliokula Zaina

Dada Mwanahamisi,

Mungu akurehemu. Mwanao mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua habari za mahindi na za mume wetu ungeziuliza baadaye.

Tangu homa ile ikuchukue, nalala na Zaina chumbani kwako. Sikutaka ahamishwe kwenye kitanda alichokizoea. Mvua zilipoanza, akaanza kuchoka. Tukitoka kisimani anakaa chini njiani. Viganja vikapauka, akifagia kidogo tu moyo unamwenda mbio. Kisha mama mkwe akamkuta kaburini kwako, mdomo umejaa udongo.

Dada, nyumba ilizizima. "Mama yake anamwita," mama mkwe akasema. "Anakula udongo wa kaburi, mnataka mwambiwe nini tena?" Ikaamuliwa apelekwe kwa mganga, mtenganishwe wewe na yeye. Jina lako likakatazwa kutajwa mbele ya mtoto.

Niliogopa, siwezi kukuficha. Lakini nikakumbuka nilivyoletwa hapa mke mdogo, ukanipokea mzigo ukasema, "Mdogo wangu, humu hakuna vita. Kuna palizi." Mtu aliyenipokea hivyo amuue mwanawe? Nikayasema hayo mbele ya wakwe, mimi nisiyejua kupaza sauti.

Siku hizohizo ikapita pikipiki ya matangazo: madaktari wa kujitolea wanakuja shule ya msingi Misima, vipimo ni bure. Nikamwambia Baba Zaina, "Twende huko kwanza. Mganga hahami." Asubuhi nikamkuta anajaza upepo baiskeli.

Foleni ilikuwa ndefu, tukakaa chini ya turubai. Daktari, mama wa makamo mwenye Kiswahili cha Kishambaa, akamvuta Zaina kope la chini, akatazama ulimi. Sijasema neno, akamwuliza taratibu, "Mwanangu, huwa unakula udongo?"

Zaina akaniangalia. Mimi nikaangalia miguu yangu.

"Msimgombeze," daktari akasema. "Damu ikipungua, mwili hutamani udongo. Nimewaona wengi."

Wakamtoboa kidole, wakatupa kikopo cha kuwekea choo. Sijawahi kuomba dua kwa ajili ya kikopo cha choo, dada, lakini siku ile niliomba.

Ilikuwa safura. Minyoo inayoingia kwenye nyayo za mtoto anayetembea peku, ikakaa tumboni ikimnyonya damu. Dada wa maabara akamsimamisha Zaina kwenye kiti achungulie hadubini, ayaone mayai ya minyoo hiyo. "Madogo hivyo?" akauliza, kama aliyetukanwa.

Baba Zaina aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo mama yake hahusiki?"

Daktari hakucheka. "Mama yake hahusiki, baba. Mnunulie viatu."

Baba Zaina akatoka nje, akaegemea ukuta wa darasa, akalia. Hata siku ya mazishi yako hakulia vile. Nilimwacha alie.

Dawa ya minyoo Zaina aliinywa palepale. Vidonge vya kuongeza damu tuliendelea navyo nyumbani, pamoja na mchicha na dagaa, na makelele yake ya kuvikataa. Viatu amenunua mama mkwe mwenyewe, mnadani, raba nyekundu zinazoonekana toka mbali. Siku ile aliyozileta alikwenda kaburini kwako peke yake. Sijui alikuambia nini, wala sikumwuliza. Aliporudi alilitaja jina lako wakati wa kula, na hakuna aliyeshtuka.

Juzi niliitwa shuleni. Zaina amempiga mtoto mkubwa kuliko yeye. Mwalimu aliongea kwa hasira, nami nikaitikia "ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu," huku rohoni nasema alhamdulillahi. Mtoto aliyekuwa hawezi kufagia! Nilicheka njia nzima.

Jioni, nikimsuka, akaniuliza kama ulikuwa ukicheka kwa sauti. Nikamwambia ulikuwa ukisikika mpaka kwa majirani. Akajaribu. Kuku wote wakakimbia.

Lala salama, dada yangu. Nakuahidi atakua anakujua, mazuri yako na ukaidi wako, na kila atakapouliza nitamjibu, hata kama nywele zitabaki nusu.

Mwenzio,
Asha