Nyota Nyekundu Niliyokutambia

Ghorofa ya Nne,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate.
9 Julai, mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke.

Mpendwa mdogo wangu Cheche,

Hujambo? Magoti yako je, bado yanagombana na ngazi? Mimi mzima. Kikohozi kimenihama, na meno nayo yanafungasha.

Barua yako imefika, pamoja na ujumbe wa mwanao: "Mjomba, karakana ya babu inafuga buibui, na mashine yangu ya kuchomelea inanyeshewa uani! Unarudi au hurudi?" Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Ulimi huo hakuuokota. Ni wako mtupu.

Nitamjibu. Kwanza habari ya nyota.

Jana jioni niliiona ile nyekundu iliyo kifuani mwa lile kundi la nyota la Nge, juu kidogo ya bomba la moshi la kiwanda. Huku hupita chini chini, kama mgeni asiyetaka kukaa. Unakumbuka baba alivyotugawia nyota? Mimi hiyo, wewe ile nyeupe yenye ubuluu. Nikakutambia utoto mzima kwamba yangu ndiyo yenye moto mkali.

Sasa nimesoma. Yangu ni jitu kweli: ingekaa mahali pa jua, ingeimeza dunia yetu na Mirihi juu yake. Lakini imefura tu. Tabaka zake za nje ni nyepesi kuliko hewa tunayovuta. Usoni ina joto la nyuzi elfu tatu na mia tano hivi, ilhali yako inapita elfu ishirini! Nasi watoto wa mhunzi, tuliokiona chuma kila siku kikianza na wekundu, kikikolea moto kinakuwa cheupe, hakuna aliyenibishia. Haya, umeshinda. Usinitangaze mtaani.

Tena ni kikongwe. Mwanga wake hupungua na kuongezeka bila ratiba, kama usingizi wangu.

Sasa karakana. Najua umeifunga kwa ajili yangu, na kila aliyetaka kupanga umemrudisha. Ahsante, mdogo wangu. Lakini wajukuu zangu wako huku, wifi yako amezikwa huku, na nyundo ya baba siiwezi tena.

Nisalimie shemeji, na shangazi mshonaji, mwambie koti lake bado linanitosha. Mola awape afya, na riziki isiyo na karaha.

Mpe mwanao ufunguo. Mimi sitarudi.

Akupendaye siku zote,
Kaka yako