Chumba cha Mama, Chunya

Jumamosi, 5 Oktoba 2024
Mama amefika! Mdogo wangu Clement kamleta mwenyewe kutoka Mafinga. Kashuka na sweta, vitenge viwili juu yake, anacheka. Eti huku hakuna baridi hata kidogo! Kule miguu inamtesa kila Juni. Hapa itapona.
Tangu mume wangu afariki nakula peke yangu. Leo nimepika ugali ukabaki nusu sufuria — nimesahau watu wawili wanakula kiasi gani.

Jumatatu, 7 Oktoba
Chumba chake nimekijenga kama cha nyumbani. Kidirisha kidogo, mlango mzito, bati jipya. Fundi Zabron alinionya: dada, huku siyo Mufindi kwenu kwenye baridi. Nikamjibu Mama hapendi upepo, yeye ajenge tu.
Uani nimemwaga zege. Miti miwili nikaikata ipatikane nafasi. Mtaa mzima umefanya hivyo tangu wenye dhahabu waanze kujenga magesti. Nibaki na vumbi peke yangu kama mshamba?
Mchana kuku kakanyaga zege, akaruka-ruka! Mama kacheka mpaka machozi. Nami nimecheka.

Jumapili, 13 Oktoba
Mama hakwenda misa. Kichwa. Uji kauonja tu.
Jua limezama lakini ukuta wake bado wa moto, ukiegemea unajuta. Namkuta kafunga dirisha! Anasema nikiliacha wazi atapata nimonia. Nimonia, Chunya, Oktoba! Nimelifungua. Nilipogeuka kalifunga tena. Mbishi huyu! Nami ubishi sijui nimeurithi kwa nani.

Jumanne, 15 Oktoba
Mama kaanguka uani. Hakujikwaa — nguvu zimemwishia tu. Kiganja kimebabuka pale aliposhika zege.
Nesi wa zahanati kasema joto limemzidi, maji yamekauka mwilini. Katundikiwa dripu. Kasema mama mwenye presha kama yeye hapaswi kulala kwenye chumba kile. Mtafutie penye hewa au mrudishe kwenye ubaridi, safari nyingine hatutamuwahi.
Zege lile nimemwaga mimi. Chumba nimejenga mimi. Ee Mungu wangu!

Jumatano, 16 Oktoba
Nimemwita Zabron. Dirisha atatoboa, zege atapasua, dari atapiga. Na kivuli? Kasema panda mti, subiri miaka. Nikauliza kama mti mkubwa hauwezi kuhamishwa. Kaniangalia kwa huruma, nikakasirika.
Clement kapiga simu, Ijumaa anakuja kumchukua. Eti namng'ang'ania Mama kwa faida yake au yangu? Nikamkatia. Mjinga yule. Halafu nimelia, maana kasema kweli.

Ijumaa, 18 Oktoba
Clement yupo sebuleni, begi lipo mlangoni. Mama kakaa kitandani, hataki kuinuka.
"Nikienda utakula na nani, mwanangu?"
Anasema ameshalizoea joto. Midomo imepasuka, kitenge kimeloa jasho, macho yameingia ndani — na anasema hajambo! Nikisema abaki, atabaki. Clement hamwezi. Ananisikiliza mimi tu.
Nimekimbilia jikoni nikisingizia chai. Naandika nimesimama. Nyumba hii bila yeye — sitaki hata kuifikiria.
Clement anaita, jua linapanda, tuondoke. Mama naye anaita. Ananiita mimi, siyo yeye.
Bado sijaitika.