Neno Nililomtia Nguzo Kinywani

Voi,
Ijumaa, baada ya sala ya alasiri.

Mdogo wangu Mwanaisha,

Nakutaka radhi kwa kimya changu. Barua zako tatu zilifika, nami nilizisoma zote zaidi ya mara moja, wala sikujibu hata moja. Mtu aliyefundisha watoto kuandika barua kwa miaka thelathini hawezi kusingizia kalamu. Nilikuwa na jambo nisilotaka kuliandika, na kila nilipoanza barua nikaliacha nje, niliona kwamba ninakudanganya.

Goti lako sasa linakuruhusu kusimama kwa sala, au bado unakaa kitini? Na huyo mwanao Fumo amekwisha kuezeka ule upande wa jiko unaovuja? Asiseme ataezeka mvua zikipita. Zikipita hakuna anayekumbuka paa. Mimi ni mzima, ila vumbi la Voi limepanga chumba kifuani mwangu na halitaki kuhama.

Uliniuliza kama ni kweli uliyoyasikia huko Siyu, kwamba kaka yako mzee husimama mbele ya televisheni akiwapigia watu kelele. Ni kweli, isipokuwa kelele. Bwana Abubakar, mwenye duka la redio karibu na soko, ana ukumbi wa video. Wengi wanaoingia humo hawakifahamu Kiingereza cha Kimarekani, hasa kinaposemwa kwa haraka. Basi filamu ikienda, mimi husimama kando ya televisheni na kusema kwa Kiswahili kila linalosemwa na kila mtu, awe mwanamume au mwanamke. Hapa kazi hiyo huitwa kutafsiri. Aliyenitangulia alikuwa akitia matusi mahali pa maneno asiyoyajua, na wazazi walipolalamika Abubakar akanijia. Nilikubali. Tangu mke wangu afariki nyumba imekuwa kimya mno, na sauti iliyozoea darasa haistaafu.

Filamu zinazoujaza ukumbi kuliko nyingine zote ni za shujaa mmoja ambaye hapa tumembandika jina la Nguzo. Akiikita miguu yake chini, hakuna kitu kinachoweza kumsukuma. Ziko saba sasa, moja baada ya moja kwa miaka, na sitakuficha kwamba ya kwanza niliipenda. Humo Nguzo ni karani wa mizani katika stesheni ya reli. Nguvu anazo, lakini mifupa yake ni mifupa kama yangu na yako. Anauzuia mhimili wa daraja usianguke hadi vibarua wote watoke chini yake, kisha nyonga yake inavunjika. Karibu nusu ya filamu amelala kitandani, na mama yake, asiyejua mwanawe amefanya nini, anamlisha uji huku akimgombeza kwa uzembe. Mafundi wa reli waliokuwa kwenye mabenchi siku ile walitulia kama wako msikitini. Hata adui alikuwa mtu: mkandarasi aliyeiba saruji, mwenye watoto na hofu zake.

Halafu tamaa ikaingia. Kuanzia ya tatu Nguzo haumii tena. Adui aliyekufa katika ya tatu yumo katika ya nne, mzima, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Mama yake Nguzo amekuwa mwanamke mwingine, mdogo kuliko mwanawe, hata mchuuzi mmoja wa vitunguu akanikatiza, "Mwalimu, huyo ni mama ama ni mke wa pili?" Katika ya tano miji mitatu inabomoka, majengo yamejaa watu, nami sikuona jeneza wala matanga, wala mtu mmoja aliyeuliza marehemu alikuwa nani. Watu wanaotengeneza hadithi namna hiyo hawajapata kuosha maiti. Ninachowakubalia ni hiki: wamemweka mtu yuleyule mbele yetu muda mrefu hata watu wa Voi humuulizia habari kama jamaa aliye safarini. Hiyo ni nguvu kubwa, na wameitumia vibaya. Lakini si wao ninaotaka kuwalaumu leo.

Mara kwa mara Abubakar hupakia jenereta na televisheni kwenye pikapu yake, tukaenda vijiji visivyo na umeme. Mwaka huu, kabla ya mahindi ya msimu uliopita kuvunwa, tulikwenda Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Nilimwomba tuchukue ya kwanza.

"Ya kwanza inalala, Mwalimu," akaniambia. "Watu watoke mashambani waje kuona mgonjwa akilishwa uji? Wape moto."

Tukachukua ya tano. Mchana tulikula kimanga, ule mseto wa mihogo na maharagwe, nyumbani kwa mkulima mmoja aitwaye Mwadime, mtu wa makamo, mcheshi, baba wa watoto wanne. Alasiri madirisha ya darasa yakazibwa kwa magunia, na watu wakajaa hata juu ya madawati.

Katika filamu hiyo garimoshi linamjia Nguzo kwa kasi, naye anasimama juu ya reli. Hasemi neno. Upo muziki tu, na muziki ulimezwa na jenereta. Nikaona nyuso zote zimenigeukia zikingoja. Sikuweza kuvumilia kunyamaza, Mwanaisha. Nikajitungia maneno, nikayasema kwa sauti nzito kama kwamba ni yake: "Asimamaye juu ya haki yake haondolewi, wala na chuma wala na mnyama!"

Garimoshi likasimama. Darasa zima likainuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Wakataka nirudie, Abubakar akairudisha kanda nyuma, nami nikarudia, kwa madaha zaidi. Uelewe watu wale ni nani. Kila mahindi yao yanapokaribia kukomaa, ndovu hushuka na kuyala, nao hupiga makopo, huwasha moto, hukimbia. Hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu aliyesoma kwamba kusimama kunatosha. Niliondoka pale nikiwa na furaha. Furaha hiyo ndiyo ninayoitubia.

Haikupita wiki mbili. Alfajiri ndovu mmoja aliingia katika shamba la Mwadime. Majirani walitoka na makopo. Mwadime naye alikuwa na kopo lake. Akaliweka chini, akaikita miguu yake kati ya mistari ya mahindi. Wanasema ndovu alisita kwanza, akatanua masikio, akamtazama. Kisha akaja.

Barabara ya kule unaisikia tu kwa jina. Alifikishwa hospitali ya Voi jioni, juu ya lori la mchanga, mbavu tatu na nyonga zimevunjika. Mkewe, Wakesho, alinitumia mtu aniite. Nilidhani ataniapiza. Hakuniapiza. Alisema polepole, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Nilimwita, Mwalimu. Nikamwambia, Baba Mghoi, toka hapo! Akaniambia, 'Nyamaza mama, mimi nasimama juu ya haki yangu.' Bwana yangu haongei hivyo. Miaka kumi na sita sijamsikia akiongea hivyo. Hiyo ni sauti yako."

Mwadime mwenyewe alikuwa macho. Alijaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Mwalimu, ile treni yenu ilikuwa na breki. Ndovu haina."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akaniuliza, "Lakini yeye alisema hivyo, sindiyo? Yule Nguzo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na lawama yote ingehamia Amerika. Nikamwambia, "Hakusema. Nilisema mimi. Yeye alinyamaza."

Aligeukia ukuta. "Basi pale kwa reli alikuwa anawaza nini?"

"Hakuna anachowaza. Walioitengeneza hawakumpa la kuwaza. Ipo nyingine, ya kwanza, ambayo humo anavunjika nyonga kama wewe na analishwa na mama yake."

"Na hiyo," akasema, "mbona hukutuletea?"

Daktari anasema atatembea kwa magongo, ikiwa atatembea.

Sasa lisikilize lililonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita Wakesho alinijia hapa nyumbani. Nikamtengea kiti, hakukaa.

"Ile maneno imebaki kule," alisema. "Wameiandika kwa mkaa kwa ukuta ya duka. Shemeji zangu wawili wameapa ndovu wakirudi, hawatoki shambani. Wanasema Mwadime aliogopa dakika ya mwisho, ndiyo maana akaangushwa."

Nikamwambia kwamba nilikuwa nimekwisha kutuma habari, kwa mzee wa kanisa na kwa naibu wa chifu, kuwa maneno yale niliyatunga mimi.

"Walisoma. Wakasema, Mwalimu ametishwa na serikali ili tuache mashamba."

"Basi nifanye nini, mama?"

"Lete ile ya tano. Uiweke bila kutafsiri. Zima hata ile muziki, watu waangalie mdomo yake. Wakiona haufunguki, ndiyo wataamini. Halafu uweke ile ya nyonga."

Mwanamke huyu hakusoma kupita darasa la nne, na katika maisha yangu yote ya ualimu sikupata wazo bora kuliko hilo.

Nilikwenda kwa Abubakar, kwa kuwa kanda ni zake na jenereta ni yake. Alinisikiliza akiuma skrubu ya redio mdomoni. "Mwalimu, unataka uwaonyeshe watu kwamba mtafsiri huongopa? Nani atarudi kuingia kwangu?" Hakukataa kabisa, angalikataa ningalimchukia na kumaliza. Ameweka sharti. Filamu ya saba imefika, na anataka kuifungulia kule Kasigau. Atanipa ya tano na ya kwanza alasiri moja, ikiwa siku inayofuata nitaitafsiri ya saba, "kwa moto ule ule wa siku ile."

Nimeitazama hiyo ya saba peke yangu. Nguzo anasimama bondeni, na jeshi zima la wanyama wa vyuma linamjia, wakubwa kama nyumba, wenye pembe. Anawazuia wote kwa kifua. Hatoki hata jasho. Sijui ni upuuzi gani uliowapa hao watu wazo la kuwafanya wanyama. Nikiitafsiri kwa moto, ninabomoa siku ya pili nilichojenga siku ya kwanza. Nikiikataa, Abubakar atamleta mtafsiri kutoka Mombasa, na watu wa Rukanga hawatauona kamwe ule mdomo usiofunguka. Nilipomweleza Wakesho, hakusita hata kidogo: "Kubali, uje. Huyo wa Mombasa akikosea tutampata wapi? Wewe nyumba yako tunaijua."

Wewe nawe waniandikia kwamba chumba cha mbele kimepakwa chokaa, kwamba njia ya Garsen siku hizi ina msafara wa askari wanaosindikiza mabasi ya huko, kwamba mzee wa umri wangu hapaswi kufia ugenini. Nakiri kwamba nimelitoa sanduku mvunguni. Nimetia kanzu mbili ndani, nikazitoa, nikazitia tena. Ningekuja Siyu, ningekaa barazani kwako, na hakuna ambaye angejua. Hilo ndilo linalonitia uchungu: lingewezekana kwa urahisi mno.

Nisalimie shangazi yetu Bi. Mkubwa, umwambie tasbihi aliyonipa bado sijaipoteza. Nisalimie Fumo na mkewe, na jirani yako mshona viatu, ambaye bado namdai jibu la lile fumbo la kale. Na mwalimu wa chuo cha Kurani anayewasomesha wajukuu zako umwombe aniombee, bila ya kumweleza sababu.

Chumba usimpe mtu, lakini usinitandikie kitanda pia. Abubakar anataka jawabu kabla ya Jumatano, na Wakesho ameniambia kwamba mahindi ya Rukanga yamekwisha kutoa ndevu. Siku nitakayoamua, nitakaa chini nikuandikie kabla sijala, uwe wa kwanza kujua kama nimepanda pikapu ya Abubakar kwenda Rukanga au basi la Mombasa nije kwako.

Ni mimi kaka yako,
Omari